Bonge la Bisi Mfukoni mwa Verlyn

"Nyoosha mikono, Verlyn."

"Ya nini?"

"Nyoosha tu. Sina nguvu ya kubishana."

Mume wangu akanyoosha. Viganja vilikuwa vyekundu, na kidole gumba kina lengelenge. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nimeshinda nimesimama kwa muda wa saa kumi na mbili mfululizo, na sasa nachemsha shira ya sukari. Jumapili jioni kwetu jimboni Iowa hakuna anayepika chakula, watu wanakula bisi na tofaa. Ila bisi zangu zilikuwa za kushikanishwa kwa shira ziwe mabonge ya sherehe ya kanisa kesho.

Mkononi nilishika bonge nililolitoa kwenye mfuko wa koti lake. Lilikuwa limefungwa karatasi ya nta, bado lina uvuguvugu.

"Nimelionja," nikasema. "Chumvi ya chenga, imenyunyizwa juu. Mimi chumvi naitia ndani ya shira. Kanisa zima anayenyunyiza juu ni Twyla peke yake."

"Si amenipa tu! Nilienda kumtengenezea bomba."

"Twyla anaishi peke yake tangu afiwe na mumewe. Mabonge yanataka watu wawili, mmoja anamimina shira, mwingine anafinyanga ikingali moto. Nani alifinyanga?"

Akarudisha mikono mifukoni.

"Miaka ishirini na mbili nakuomba unisaidie hapa, unaniambia wewe ni mtu wa trekta!"

"Marlys, jamani, ni bisi tu!"

"Basi tumuulize mwenyewe."

Nikapiga simu, nikaweka spika.

"Haloo? Marlys?"

"Twyla, sikupigii kukutukana, nimechoka. Niambie tu, mume wangu amekuja kwako mara ngapi?"

"Kila Jumapili tangu mavuno. Aliniambia mmeshaachana, mnangoja tu binti yenu amalize chuo ndipo mtangaze. Kwani siyo kweli?"

"Ndiyo kwanza nasikia."

"Mungu wangu! Verlyn, uko hapo? Usikanyage tena kwangu! Muongo mkubwa wewe!"

Akakata. Verlyn akajiegemeza kwenye friji.

"Nilikuwa mpweke, mke wangu. Wewe kila siku zamu, zamu, zamu."

"Na mimi nilikuwa na nani?"

Shira nayo ilikuwa imeanza kupanda kwenye sufuria, na hiyo haikungojei umalize kugombana.

"Paka siagi mikononi," nikamwambia.

Nikamimina, akafinyanga. Laiti angeboronga! Alikuwa hodari, anageuza upesi, habani sana, bonge linatoka mviringo kabisa. Hapo ndipo machozi yaliponitoka. Mwanaume niliyemuomba miaka yote kumbe yupo, ila alikwenda kumfaa mwingine. Iliniuma kuliko uongo wake.

Tulipomaliza la thelathini akathubutu kutabasamu.

"Kwa hiyo nimesamehewa?"

"Nilihitaji mikono ya pili, Verlyn. Kachukue nguo zako, nenda kwa dada yako."

"Leo hii?"

"Leo hii. Na ukitoka ufunge mlango, baridi inaingia."

Gari lake lilipoondoka nikavuta kiti, nikakaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nikachukua bonge moja la moto, nikalitafuna huku nalia, mpaka nikashiba.