Nilimkuta Mdogo Wangu Akifumua Nywele Nilizosuka Mimi

Nilisukuma mlango wa mdogo wangu bila kubisha. Pumzi ya kubisha sikuwa nayo.

Nilikuwa namfuata mteja wangu, mwalimu wa chekechea, aliyesahau mtandio saluni; nilimwona kwa mbali akiingia humo.

Nikamkuta kwenye kigoda. Mdogo wangu yuko nyuma yake na kitana, anafumua mistari niliyomsuka asubuhi ile ile...

"Kwa hiyo ndiyo mchezo wenu?"

Mwalimu akainamisha kichwa. Nusu imesukwa, nusu imesimama kama katoka kupigana.

"Dada, kaa kwanza. Unahema."

"Nahema mwaka mzima. Nijibu."

Nyie mnaosoma, niwaeleze kwa kifupi, maana hata kuandika kunanichosha.

Saluni ni yangu. Diploma yangu ya urembo iko ukutani pale. Mkono wangu ulikuwa ukibana mstari mpaka mteja anatokwa machozi na bado anashukuru.

Kisha nikaugua ile homa ya virusi iliyopita mtaani. Wenzangu walipona, wakarudi kazini.

Mimi homa iliondoka, nguvu nazo zikaifuata.

Kuinua mikono mpaka kichwani kwa mtu ni kama kunyanyua ndoo zilizojaa. Nasuka kidogo, natua. Napanda ngazi, nakaa. Daktari alipima mapafu, akapima misuli, akasema virusi vimekwisha ila udhaifu umebaki. Utabaki mpaka lini, hajui.

"Pumzika kabla hujachoka," akasema.

Msusi mwenye mtoto anapumzika kabla hajachoka saa ngapi?

Jirani yeye akaniambia nikaze moyo. Moyo niliukaza, jamani. Mikono ndiyo iliyolegea.

Lakini wateja waliendelea kukaa kwenye kiti changu. Nikajiambia, kama wanakuja, basi bado naweza.

Kumbe...

"Umeniibia wateja," nikamwambia mdogo wangu.

"Ningekuibia, wasingerudi kukaa kwenye kiti chako."

"Sasa mafichoni huku mnafanya nini?"

Akaweka kitana chini.

"Dada, mistari yako inalegea. Hawafiki mbali imeshafumuka. Wanaogopa kukuambia."

"Ni kweli," mwalimu akasema, macho sakafuni. "Tunapenda tu kukaa kwako. Unatuchekesha."

"Aa, kumbe saluni nimeshafukuzwa, nimebaki mchekeshaji."

Hakuna aliyecheka.

"Wazo la nani hili?"

Wakatazamana.

"Nauliza, la nani?"

"La binti yako," mdogo wangu akasema.

Niliteleza na ukuta nikakaa chini.

Binti yangu namsuka kila Jumapili, tangu nywele zake zikiwa za kushika kwa kucha. Kumbe shuleni walikuwa wanamwita mfagio. Mimi hakuniambia. Jumatatu, kabla ya shule, anapitia kwa mama yake mdogo, anafumuliwa, anasukwa upya. Akirudi anashinda na kofia ya sufu ndani ya nyumba, nami nasema ni fasheni za umri. Jumapili ananiletea kichwa kimeshafumuliwa, nami namsifu kwa kunipunguzia kazi!

Ndiye aliyemwambia mdogo wangu, "Na wateja wafanyie hivyo hivyo. Mama akiacha kusuka, hatainuka tena kitandani."

Jioni nikamwita.

"Vua kofia."

"Mama..."

"Vua. Nimeshasikia yote."

Akavua. Mistari imenyooka, imebana, kazi safi. Nikapitisha vidole kama mkaguzi. Nyuma ya sikio vikakwama. Mstari mmoja umepinda, umevimba katikati, pale nilipotua mikono nipumue.

"Huu mama mdogo ameusahau."

"Hajausahau. Huo ni wako. Huwa namkataza asiuguse."

Mtu mwenye pumzi angelia.

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo nguvu zilirudi. Hazikurudi. Kiti cha saluni nimemwachia mdogo wangu. Kwa binti nikabaki na huo mmoja wa nyuma ya sikio, mingine anasukwa na mama yake mdogo, mchana kweupe.

Jumapili hii huo mmoja nao umenishinda. Binti alishika ncha akasubiri nipumue. Nikapumua. Mikono haikupanda tena.

Ukiwa na mgonjwa nyumbani, homa ikishuka usitangaze amepona. Na usimfiche ukweli kwa huruma. Wangeniambia mapema, nguvu nilizomalizia kwenye vichwa vya kufumuliwa ningemwekea mwanangu.

Leo ameenda shule na mstari uliosukwa nusu.

Nilimpa kofia aufunike; ameiacha kitandani.