Mgeni wa Kukaa Mpaka Epifania

Giza lilikuwa linaingia, nami nilikuwa nje naanua mashuka, nilipomwona mwanamke mzee amesimama mlangoni kwetu.

Mashuka hayakuwa yangu. Yalikuwa ya wageni ambao hata hawajaja. Kaka yangu Aniello alikuwa ameamua kwamba chumba chetu cha chini, ambacho mlango wake unafungukia uchochoroni, chumba alichofia mama yetu kiangazi cha mwaka uleule, sasa ni cha watalii wanaokuja Napoli kula raha. Mimi niliyemuuguza mama, nitafute pa kwenda. "Mgeni wa kwanza akikipenda tu, Titina, unahama," aliniambia. Undugu ni kufaana, na mimi na Aniello tumefanana tu.

"Napanga likizo," mzee alinong'ona. "Nimekuja kuangalia chumba."

Nikaapa moyoni kwamba huyu hatakipenda.

"Karibu uone, mama. Ila nisikufiche, kuta zina unyevu."

"Nimeuzoea."

"Na jua haliingii humu."

"Afadhali. Macho yangu hayaliwezi tena."

"Pikipiki zinapita hapo mlangoni mpaka alfajiri. Watu wanaimba, wanagombana. Hutalala."

Akatabasamu kidogo. "Mwanangu, ninakotoka kimya kimezidi."

Ndipo harufu ikanifikia. Nta ya mishumaa... na udongo uliolowa.

"Utakaa... muda gani?"

"Tangu Siku ya Marehemu mpaka Epifania."

Mashuka yakaniponyoka. Napoli hata mtoto anajua ni nani hupewa likizo hiyo. Siku ya Marehemu, mwanzoni mwa Novemba, roho za toharani hufunguliwa zikae makwao, na Januari, Epifania ikifika, hurudishwa zikilia. Ndiyo maana usiku wa Siku ya Marehemu tunawaachia mkate na maji mezani. Wafu wana kiu, na pasipo maji hawavuki kizingiti.

"Chumba si kwa ajili yangu," akanong'ona. "Kuna mwenzangu amefika juzijuzi, bado hajaijua njia. Anaitwa Vicenza. Anasema binti yake atamwekea maji."

Mama yangu.

"Anaendeleaje?" nikauliza.

"Ana kiu."

Pikipiki ikapita kwa kishindo nyuma yangu. Nikageuka. Nilipotazama tena, mlangoni hapakuwa na mtu, na jiwe la kizingiti lilikuwa limelowa.

Nilimsimulia Aniello. Akacheka mpaka akakohoa.

"Una ujanja wewe. Yaani utuletee hadi wafu ili usihame?"

Siku ya Marehemu ikafika. Aniello alikuwa ameshabadilisha kufuli na kuwaingiza watalii, mume na mke. Nilimsihi aniachie usiku huo mmoja, akanifukuza kama mbwa. Basi nikabisha hodi, nikampa yule mke mkate na gilasi ya maji, nikamwonyesha kwa mikono aviache mezani. Alidhani ndivyo tunavyokaribisha wageni. Akanishukuru sana, na mimi nikaenda kulala kwa jirani nikilia.

Asubuhi wale watalii walikuwa weupe kama chokaa. Walimwambia Aniello kwamba bibi mwenye nyumba alikaa pembezoni mwa kitanda usiku kucha. Aliwafunika shuka. Aliwapapasa nyuso, mmoja baada ya mwingine, kwa vidole vya baridi, kama anayemtafuta mtu. Lugha yake hawakuielewa, ila neno moja alilirudia mpaka wakalishika.

"Titina?"

Nikajua Aniello ataogopa, atanirudishia ufunguo. Kumbe sikumjua mtoto wa mama yangu. Jioni ileile alitangaza kwenye mtandao kwamba ana chumba chenye mzimu wa bibi, mzimu wa kweli, mpole, anayefunika watu shuka. Sasa wanaopanga likizo Napoli wanakigombania. Wanatoka mbali kuja kutishwa na mama yangu.

Juzi nilimfuata Aniello tena. Nilimwomba usiku mmoja tu, hata nilale sakafuni, mama aniguse mara moja aridhike.

"Kimejaa," alisema, macho kwenye simu. "Ungesema mapema."

Jioni zote napita pale uchochoroni, nasimama chini ya kidirisha cha chumba chetu. Ndani taa zimezimwa. Namsikia ananiita, taratibu, kwa sauti iliyokauka...

Halafu nasikia wageni wakicheka.