Kopo la Wynell

Mapenzi ya Odelia Cantú yalianza kwa chafya. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na supamaketi ya upande wa kusini wa San Antonio, Texas, ilikuwa imefurika kana kwamba mji mzima umetangaziwa njaa. Odelia alikuwa ameinama juu ya sanduku la pilipili kavu, gauni lake la njano limepigwa pasi vizuri, akizichagua moja moja kwa utulivu wa mtu anayechagua jeneza. Mara mkono mrefu ukapita begani kwake, ukachota konzi nzima bila kuangalia, na vumbi likapaa. Odelia akapiga chafya ya nguvu, yote kwenye shati la mwenye mkono.

"Afya, dada," akasema yule mtu.

"Afya iko wapi, kaka? Umenirushia moto puani. Halafu hizo ulizobeba ni takataka. Zinavunjika. Pilipili nzuri inapinda kama mkanda."

Yule bwana akaitazama konzi yake. Alikuwa mrefu, mwembamba, kofia pana kichwani, buti zimelika visigino, na uso wa mtu asiyelala vizuri. "Mama alisema hizi za kuvunjika ndizo zenye ladha."

"Basi mama alikosea."

"Sasa hataweza kujitetea. Tumemzika Februari."

Odelia akatamani sakafu ifunguke. Haikufunguka, sakafu za supamaketi hazina huruma. Alichofanya ni kumnyang'anya zile pilipili mbovu, akazirudisha sandukuni, akamchagulia nyingine. Hivyo ndivyo walivyojuana, yeye fundi wa meno ya bandia, na Royce Tackett fundi wa lifti, huku foleni ya watu wenye matoroli ikiwatukana kwa upole nyuma yao.

Shida ya Royce ilikuwa moja, na aliieleza kabla hata ya kufika kwenye malipo. Mama yake, Wynell, alikuwa bingwa wa mashindano ya parokia ya kupika chili, mchuzi mzito wa nyama na pilipili, yale ya kila mwisho wa Oktoba. Jina lake lilichongwa mara tatu kwenye ubao wa washindi ukumbini. Aliipika ile nyama nyekundu, nzito, ya kuunguza ulimi, na hakumfundisha mtu. Alipokufa, lilibaki kopo moja tu kwenye friza, kopo la zamani la siagi, na juu yake mkanda mweupe wenye mwandiko wake: USIGUSE.

"Na wewe umegusa?" Odelia akauliza.

"Kijiko kimoja kimoja. Napika, naonja yangu, naonja yake. Yangu haifiki. Likiisha kabla sijaipata, ndiyo basi, Odelia. Nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Huo haukuwa mwaliko wa kimapenzi. Hata hivyo Odelia alikubali kwenda kuonja Jumapili iliyofuata, na Jumapili zilizofuata baada ya hiyo.

Jiko la Royce lilikuwa dogo na la huzuni, pazia bado lile la mama, aproni ya mama bado kwenye msumari. Odelia aliivaa bila kuomba ruhusa. Walikatakata nyama ya bega vipande vidogo, wakaloweka pilipili, wakazisaga, wakakaanga bizari nyembamba mpaka majirani wakafunga madirisha.

"Mama alisema kitunguu kiyeyuke kabisa," Royce alikuwa akisema.

"Mama alisema, mama alisema! Timu yetu ya mashindano tuiite hivyo. Wynell Alisema."

Alikuwa anatania. Royce hakucheka, alienda kuiandikisha timu kwa jina hilohilo.

Walipokuwa wakingoja sufuria, walipeana mabusu yenye pilipili, na vyote viwili vilikuwa vinawasha, mabusu na pilipili. Siku za kazi Royce alimpigia simu akiwa amekwama juu ya lifti ya jengo fulani.

"Kipenzi, nakuwaza nikiwa hewani."

"Shika kamba, bwana. Mimi nina meno ya mtu mdomoni mwa koleo. Ukianguka nitakuchongea meno mazuri ya kuzikiwa."

"Utanililia?"

"Nitatengeneza kwanza. Kulia baadaye."

Lakini kila Jumapili, baada ya kijiko cha sufuria kulikuja kijiko cha kopo, na Odelia naye alianza kuisikia ile tofauti. Yao ilikuwa kali, ilikuwa nzuri, halafu ilikatika. Ya Wynell ilishika katikati ya ulimi na kukaa, laini, kama mtu anayekataa kuondoka mlangoni. Kopo lilipungua mpaka nusu, na nusu ikapungua tena. Royce naye alipungua nalo.

Siku ya mashindano jua liliwaka kana kwamba Oktoba haijapewa taarifa. Mahema yalijaa uwanja wa magari wa parokia, gitaa linalia kwenye kipaza sauti kibovu. Wanaume wazima walivaa kofia zenye pembe za ng'ombe. Mzee Burkett, jaji mkuu, mwenye masharubu meupe na tai ya kamba, alisoma sheria kwa sauti ya mazishi. Kila kitu kipikwe hapahapa kutoka kibichi. Kikombe cha kuonjesha majaji kisiwe na alama. Na maharage ni marufuku.

Hapo kwenye maharage watu walipiga makofi. Texas mtu anaweza kusamehewa wizi wa ng'ombe, lakini si maharage ndani ya chili. Wynell mwenyewe, Royce alisema, aliwahi kumfukuza mgeni mezani kwa kuyataja tu.

Kopo walikuja nalo kwenye kisanduku cha barafu, kwa ajili ya onjo la mwisho. Sufuria ilipoanza kutulia, simu ya Royce ikalia. Lifti ya hospitali ya jirani ilikuwa imekwama, na watu ndani.

"Siwezi kukataa, mpenzi. Koroga. Chini isishike. Nitarudi kabla ya vikombe."

"Nenda, mwokozi. Mimi na mama yako tutalinda."

Odelia alikoroga. Akaonja. Ilikuwa kali, nzuri, ikakatika. Akaongeza chumvi, ikakatika na chumvi yake. Mpiga kengele akapita akitangaza kwamba vikombe vinakusanywa karibuni. Royce hajarudi. Odelia akakitazama kile kisanduku cha barafu.

Sasa, kwa watu wa akina Cantú, chakula cha marehemu hakifichwi. Siku za mwanzo wa Novemba kinawekwa mezani mbele ya picha yake, na mishumaa na maua ya rangi ya machungwa. Akishakula harufu yake, walio hai hula kilichobaki, maana kumnyima jirani chakula cha marehemu ni kumnyima marehemu mwenyewe wageni. Odelia alikulia katika hilo. Kwake, kopo lililofungwa gizani lilikuwa kama kaburi lisilotembelewa. Naye Wynell alikuwa bingwa, na leo ilikuwa siku yake. Basi Odelia akafungua kifuniko, akaikwangua chili yote mpaka pembe za kopo, akaitia kwenye sufuria, akakoroga. Kama alijua kwamba anavunja sheria? Alijua. Kama alijua kwamba anavunja kitu kikubwa zaidi? Hilo hakulijua, na mapenzi mengi hufia hapo.

Royce alirudi mbio, shati limelowa, mafuta ya mashine mpaka viwikoni. Akachukua kijiko. Akaonja. Akafumba macho, akasimama hivyo muda mrefu, watu wakipita.

"Odelia," akasema. "Tumeipata."

"Ehe?"

"Ni yeye. Umeweka nini?"

Angesema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini alimwona amecheka kwa mara ya kwanza tangu wajuane, kicheko cha mtoto, na akaogopa kukivunja. "Nimeweka mapenzi," akajibu, akijaribu kutania.

Royce akamnyanyua juu mbele ya parokia nzima, akambusu, kofia ikaanguka. Jirani wa hema la pili akapiga kelele, "Kaoaneni kwanza, mtatuharibia hamu ya kula!"

Vikombe vikaenda. Baada ya muda Mzee Burkett, akiwa ameulizia kikombe ni cha nani, akaja mwenyewe, kijiko mkononi, akikishika mbali na mwili kama kitu kilichokufa.

"Kijana, wewe ni wa Wynell?"

"Ndiyo, mzee."

"Hiki ni nini?"

Juu ya kijiko, katikati ya wekundu, kulikuwa na ganda jembamba, la kahawia, lililojikunja. Odelia aliona. Kila mtu aliyekuwa karibu aliona, na waliokuwa mbali walisogea ili nao waone.

"Hiyo ni ngozi ya pilipili," Royce akasema.

"Nimekula chili miaka mingi kuliko umri wako. Hilo ni ganda la harage."

"Mzee, usinitukanie mama. Hakuna harage katika nyumba yetu. Odelia, mwambie."

Odelia aliangalia chini, kwenye kisanduku cha barafu. Royce akamgeukia, akamwona uso, kisha naye akakitazama. Alikifungua. Aliinua kopo, jepesi, limekwanguliwa, USIGUSE bado imebandikwa juu yake.

"Umelimaliza," akasema polepole.

"Royce, nilidhani angependa... siku yake..."

"Lilikuwa limeandikwa."

"Najua."

"Nikakuuliza umeweka nini. Nikakuuliza, Odelia."

Hapo Mzee Burkett, ambaye hakuwa mtu mbaya lakini alikuwa mtu wa sheria, akautambua mwandiko kwenye kopo, akaelewa jambo ambalo wao wawili walikuwa bado hawajalifikia. "Kumbe hili limetoka kwenye chungu cha Wynell mwenyewe," akasema, na sauti yake ikashuka. "Yaani miaka yote ile."

Mtu akacheka. Mwingine akasema, "Bingwa wa maharage!" na kicheko kikasambaa kutoka hema hadi hema. Siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, ubao ukateremshwa ukumbini na jina la Wynell Tackett likapigwa msasa mara tatu.

Royce aliondoka na kopo kifuani. Alichomwambia Odelia kilikuwa kifupi. "Nilikuwa na mama kidogo. Sasa sina hata kidogo, na wamemcheka."

Odelia alipiga simu. Haikupokelewa. Alipiga tena, ikazimwa. Kwenye karakana ya meno alichonga magego yasiyoumana, bosi akamwuliza kama mteja alikuwa binadamu au punda. Nyumbani mama yake, Rosaura, alikuwa akipanga meza ya marehemu, mkate mtamu, maua, picha za wajomba waliokufa kwa pombe na shangazi waliokufa kwa kuwavumilia.

"Unalia juu ya maua, yatanyauka," Rosaura akasema. "Amekuacha?"

"Mimi ndiye niliyemwacha hana kitu, mama."

"Basi mrudishie."

"Lilikuwa la mwisho!"

"Si mmeshajua lilikuwa na nini?"

Odelia akaacha kulia. Alikwenda jikoni akatoa maharage ya madoadoa. Akayachemsha, akayaponda mpaka yakawa uji, akayachuja maganda kwa kitambaa, maana alielewa sasa jinsi mwanamke anavyoficha jambo. Akapika nyama, kidogo kuliko walivyokuwa wakipika. Akatia ule uji mwishoni. Akaonja akiwa amesimama.

Ilishika katikati ya ulimi. Ikakaa.

Alipiga simu, akazungumza na mashine ya ujumbe. "Royce, usinijibu. Sikuombi msamaha, sina mdomo wa kuuomba. Ila mama yako yuko kwetu, mezani. Njoo umwone kabla hajapoa."

Alikuja jioni, bila kofia, mashavu yameingia ndani, kopo mkononi limeoshwa. Rosaura akamfungulia, akamtazama, akasema, "Mwanangu, umekonda kama msumari, kaa," akawaachia sebule. Kati ya mishumaa Odelia alikuwa ameweka picha aliyoikata kwenye gazeti la parokia, Wynell na tuzo yake, anacheka. Mbele yake, bakuli. Mbele ya Royce, bakuli la pili.

Alikula kijiko kimoja. Akaweka mkono usoni.

"Maharage," akasema kupitia vidole.

"Yamepondwa na kuchujwa."

"Mwaka ule baba alipotuacha," akasema, "nyama ilikuwa ghali, na mimi nilikuwa nakula kama ng'ombe. Akawa ananiwekea bakuli limejaa. Nikimwuliza wewe je, anasema ameonja sana jikoni, ameshiba." Akakigeuza kijiko ndani ya bakuli. "Hakuwa ameonja sana."

Odelia hakumgusa. Aliogopa kugusa chochote.

"Na baadaye, hali ilipotengemaa, angeweza kuyaacha hayo maharage aliyojazia nyama," Royce akaendelea. "Hakuyaacha. Nadhani aliona nimeshaizoea ladha hiyo. Wakamfuta kwenye ubao wao kwa hilo."

"Mimi ndiye niliyewaonyesha."

"Ndiyo, ni wewe." Hakulipamba. Alikula bakuli lote, machozi na pilipili vikishuka njia moja, akaomba la pili, akalimaliza nalo. Kisha akachukua mwiko, akajaza lile kopo la siagi mpaka juu, akabonyeza kifuniko. Ule mkanda mweupe ulikuwa bado haujang'oka.

"Hili sasa si la mama," akasema. "Mmoja wetu atatangulia, Odelia. Kama ni mimi, ule kijiko kimoja kimoja. Usiwape parokia."

"Na kama ni mimi?"

"Nitalifungia, nitakesha mbele ya friza kama mbwa."

Odelia akamtazama, akatazama picha ya Wynell, akatazama wajomba. "Royce Tackett, hapo unaniposa au unanizika?"

"Vyote viwili. Sijui njia nyingine."

Odelia alilipokea kopo kwa mikono miwili. Lilikuwa bado la moto. Akaenda nalo jikoni, akafungua friza na kukuta imejaa samaki wa mama yake.

"Njoo unisaidie kuwasogeza," akaita. "Tulipatie nafasi ya nyuma kabisa."