Kasuku wa Babu wa Wietske

Kila asubuhi Fenna alipaka mkate siagi, akanyunyizia chembe za chokoleti juu yake, akala akiwa amesimama. Baba yake, Harm, alikaa mezani na kahawa, akisoma gazeti na kugombana nalo.

"Haya, wameandika tena! Eti hospitali ndogo zinakula fedha. Wangaliiacha ya kwetu wazi, mama yako angaliwahiwa mapema. Angalikuwa amekaa hapo sasa hivi."

"Ndiyo, Baba."

"Wakubwa hawaugui. Tunaougua ni sisi."

Tangu mama yake afariki majira ya baridi yaliyopita, asubuhi zote zilikuwa hivyo. Asubuhi moja Fenna alivaa mkoba, akapanda baiskeli, akapambana na upepo katikati ya mashamba ya viazi ya Kraaiveld, kijiji chao huko Uholanzi, mpaka shuleni. Siku hiyo walikuwa na jaribio la Kiingereza.

Walikuwa wanajifunza sentensi za masharti. Mwanzo ulikuwa mwepesi: mvua ikinyesha, tutalowa. Kisha ikaja ile ya "ningekuwa tajiri", na hapo darasa likaanza kuanguka, maana Kiholanzi huiruhusu "nge" yake ikae pande zote mbili za sentensi, lakini Kiingereza huitaka upande mmoja tu. Hayo Fenna aliyaelewa. Kilichomshinda ni swali la mwisho: andika sentensi kuhusu jambo lililokwisha kutokea maishani mwako, ambalo lingaliweza kwenda vingine.

Sentensi ilimjia papo hapo. Moja tu. Alipotafuta nyingine, ile ile ilirudi. Wenzake walishaanza kukusanya karatasi. Akachungulia ya jirani yake, Wietske, akaandika alichokiona: babu yangu asingalifungua dirisha, kasuku wake asingaliruka.

Kesho yake Mwalimu Terpstra alimzuia baada ya kipindi.

"Fenna, babu yako ana kasuku?"

"Alikuwa naye."

"Aliitwa nani?"

Fenna akatazama viatu vyake.

"Babu yake Wietske naye kasuku wake alitoka dirishani," mwalimu akasema. "Kijiji chenyewe hiki kidogo, halafu makasuku wawili! Niambie ukweli."

"Nilinakili, Mwalimu."

"Kwa nini? Maswali mengine yote umeyapata."

Fenna akaufunga mkoba wake.

Habari zikamfikia mkuu wa kidato, Bwana Ruiter, mtu aliyewachambua watoto kama viazi: wanene huku, wembamba kule. Hakumwita Fenna wala hakumuuliza kitu. Aliamua tu. Swali hilo Fenna atalijibu kwa mdomo siku ya Alhamisi, kwenye kikao cha wazazi, baba yake akiwepo. Akishindwa, baada ya likizo atashushwa mkondo wa chini, wa wanafunzi dhaifu.

"Wewe nawe!" Wietske alimwambia kwenye maegesho ya baiskeli. "Wizi gani huo? Ungeiba basi kitu cha maana. Kasuku! Na mimi mama kanifokea, eti nimekuonyesha."

"Nisamehe, Wietske."

"Haya, yameisha. Ila Alhamisi sema chochote. Sema ulipoteza soksi. Nani atakwenda kuitafuta?"

Fenna alijaribu. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliifanyia mazoezi soksi yake. Lakini kila alipofika katikati ya sentensi, ile nyingine ilipita mbele. Akawa anashtuka mlango ukigongwa.

Baba naye alipopata habari, alipiga meza. "Wakushushe? Kwa sentensi moja? Nitakuja! Safari hii watanisikia!"

Hilo ndilo lililomtisha Fenna zaidi ya yote.

Alhamisi wakaketi mbele ya Mwalimu Terpstra, baba ameshika kofia mapajani. Hakungoja hata kusalimiwa vizuri.

"Mwalimu, nyinyi mnawaonea watoto wa watu wadogo. Mtoto wa daktari angenakili, mngemwita baba yake?"

"Ningemwita, Bwana Mulder," mwalimu akasema. "Ila tuna dakika kumi tu. Tumwachie Fenna."

Fenna akafumbua mdomo ili aseme sentensi ya soksi. Haikutoka. Ilitoka ile nyingine, kwa Kiingereza, polepole, neno baada ya neno. Mwalimu akaweka kalamu chini.

"Nini?" baba akauliza. "Amekosea?"

"Hajakosea hata neno moja."

"Sasa kasema nini? Mimi Kiingereza changu kinaishia kwenye makopo ya dukani."

"Fenna, mwambie mwenyewe."

Fenna alisema bila kuinua macho. "Nimesema, ningalirudi nyumbani moja kwa moja siku ile, badala ya kwenda kuteleza kwenye barafu, Mama angalipona."

Baba akamgeukia.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Wewe husema kila siku, Baba. Angaliwahiwa mapema. Mimi ningalikuwa nyumbani, ningalipiga simu."

Uso wa baba ukabadilika. "Fenna, mwanangu. Gari la wagonjwa lilimchukua mama yako asubuhi, wewe uko darasani. Simu nilipiga mimi. Nikamwambia jirani akuache ucheze, usije ukaikuta nyumba tupu. Hukuwa na la kufanya hata kidogo."

"Hukuniambia."

"Sikukwambia." Aliikunja kofia, akaikunjua. "Mwaka mzima nawapigia kelele wakubwa, na bado hawajanijibu. Lakini mtoto ninayekula naye meza moja, sijamuuliza hata siku moja ana nini moyoni."

Fenna akalia, na baba akamvuta kifuani. Mwalimu Terpstra alingoja mpaka wakatulia.

"Umefaulu," akasema. "Darasa lako ni lile lile, na Bwana Ruiter nitamweleza mwenyewe. Ila kunakili ni kunakili, Fenna. Na Wietske umemponza. Utampigia simu mama yake, umwambie hakukuonyesha. Ungaliniambia kwamba swali lile linakuumiza, ningalikupa jingine."

"Ndiyo, Mwalimu. Nitampigia leo."

Nje upepo ulikuwa umetulia. Walikokota baiskeli bega kwa bega, na baba hakumtaja mkubwa yeyote mpaka walipotoka langoni.

"Sikia, binti yangu," akasema. "Ukikwama, sema umekwama. Aibu yake ni ya siku moja. Ukificha, utaubeba peke yako mzigo ambao pengine hata si wako."

"Na wewe je, Baba?"

Baba akavaa kofia yake.

"Na mimi vilevile," akasema.