Habari za Nyumba

"Hodi!"

Aliyebisha si mtu. Mlangoni kwa Atupele Mwambeta, ghorofa ya kumi na moja, Dodoma, ulikuwa umesimama mguumbali: mashine nyembamba yenye kimo cha mtu mzima, miguu miwili ya chuma, na uso mtupu wenye macho mawili ya kamera.

"Karibu," alisema Atupele, povu la sabuni likimchuruzika mikononi.

"Asante, dada. Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Habari za nyumba?"

"Nzuri, ila lile dari la bafuni..."

"Asante sana. Mwenye nyumba anakusalimu. Siku njema."

Mguumbali ukageuka, ukaanza kushuka ngazi taratibu kama bwana harusi.

"We! Rudi hapa! Dari! Nimesema dari linavuja tangu masika!"

Wapi! Ulikuwa umekwisha kupata jibu lake. Atupele akafunga mlango kwa kishindo, akaenda kumwaga beseni lililojaa maji bafuni.

Mwenye nyumba wake alikaa Bukoba na hajapata kukanyaga Dodoma. Ndivyo ilivyokuwa miaka hiyo. Nyumba za Dodoma zilipanda bei mpaka wenyeji wakashindwa kuzinunua, wakawa wanapanga kwa watu wa Bukoba na Tanga. Na hao wa Tanga nao walipanga kwa watu wa Mwanza. Kila mtu alikuwa mpangaji mjini kwake na mwenye nyumba katika mji asioujua hata kwa harufu. Mabenki yalipenda mambo yawe hivyo. Kila benki ilikuwa na kadiri yake, yaani ubongo wa mashine unaopima nyumba ya mbali na kuamua nani akopeshwe, na kila kadiri ilikuwa na miguumbali ya kwenda kutazama na kuuliza kwa niaba yake.

Miguumbali ya kwanza haikuwa na adabu. Iliingia uani kimya kimya, ikapima kuta, ikamkabili mama wa watu jikoni: maji yanatoka? Choo kinafanya kazi? Ikafukuzwa kwa mifagio, mingine ikamwagiwa maji ya kuoshea dagaa. Ndipo waundaji wakaifundisha hodi na shikamoo, na maswali yake yote wakayageuza salamu. Habari za maji? Habari za majirani? Habari za usalama? Watu wakaipenda mno. Waundaji wale walikuwa vijana wa hapa hapa, waliolelewa na mama zao kwa Kiswahili, na bado hakuna hata mmoja aliyejiuliza salamu hujibiwaje.

Atupele alikuwa fundi wa mitambo ya kupooza hewa, na kwa muda mrefu alikuwa na hamu moja tu: naye awe na nyumba, popote pale, ya kumwingizia kodi, siku moja aache kumwaga mabeseni. Mabenki mawili yalimkatalia. Kadiri ya Benki ya Upeo haikukataa. Ilimpeleka huku na huku tu, nusura roho imtoke.

"Mshahara wako unatosha marejesho," ilisema, kwa sauti ile ya upole inayokera kuliko matusi. "Malipo ya awali hayatoshi."

Akaongeza malipo ya awali. Akauza hata pikipiki yake ya umeme.

"Malipo ya awali yanatosha. Umepungukiwa dhamana."

"Si ungesema yote siku moja?"

"Uliuliza swali moja kila siku."

Dhamana aliyoweza kuipata ilikuwa moja: shamba la chai la mama yake, Tukuyu. Alimpigia simu huku akiona aibu. Mama hakumzungusha.

"Lichukue, mwanangu. Ndilo lililokusomesha, na ndilo ninalokula. Ukilirudisha salama, basi. Hiyo nyumba umeshaiona?"

"Mama, siku hizi hakuna anayekwenda kuona. Mashine inakwenda."

"Mh," alisema mama.

Nyumba yenyewe ilikuwa Sumbawanga, karibu na mitambo mipya ya gesi, mahali ambako wafanyakazi walisemekana kugombea vyumba. Taarifa ilirudi siku ya pili. Maji, nzuri. Usalama, nzuri. Majirani, nzuri. Alama kwa jumla, tisini na nne. Picha zilikuwa mbili: ukuta wa upande wa jikoni, mpya kabisa, na ua uliojaa watu wameketi kwenye mikeka na viti.

"Mbona watu wote hawa?" aliuliza Atupele.

"Ni dalili ya mahitaji makubwa ya makazi," ilijibu kadiri.

Atupele akacheka kwa furaha, akabonyeza kidole gumba kwenye simu kuweka sahihi. Ungemkumbusha habari ya dari lake, angekushangaa. Dari ni mambo ya wapangaji, na yeye asubuhi hiyo alikuwa mwenye nyumba.

Mwezi wa kwanza kodi haikuingia. Wa pili haikuingia. Marejesho, hayo yalikatwa kwenye mshahara wake bila kukosea tarehe.

"Hali ya nyumba ni nzuri," ilisema kadiri.

"Kodi yangu iko wapi?"

"Kodi haijapokelewa. Hali ya nyumba ni nzuri."

"Nzuri kwa nani, jamani? Uliza wapangaji!"

"Wameulizwa wiki hii. Wamejibu nzuri."

"Waulize tena!"

"Wameulizwa tena sasa hivi. Nzuri."

Atupele alitamani iwe na shingo aikamate. Alipiga simu kwa binadamu wa benki, akaambiwa na mashine nyingine kwamba binadamu yuko likizo. Mwezi wa tatu alikula ugali na mlenda mpaka akauchukia, na mama alipopiga simu kuuliza, alisema mambo yanakwenda. Mwezi wa nne kadiri yenyewe ndiyo iliyomtafuta.

"Ukishindwa mwezi huu, dhamana itachukuliwa. Nakushauri uiuze nyumba. Alama zake bado ni tisini na nne. Yuko mnunuzi Musoma, mwalimu mstaafu, anaitaka kwa kiinua mgongo chake. Mguumbali wake utakwenda Jumamosi. Jibu la mwenye nyumba nalo huhesabiwa, hivyo uwepo kwa simu."

"Nitakuwepo kwa miguu yangu," alisema Atupele.

Alishuka treni Mbeya, akapanda basi, akafika Sumbawanga na baridi ya Ufipa ikimpenya mpaka kwenye mifupa. Aliitambua nyumba kwa ule ukuta mpya, ingawa haukuwa mpya tena: ufa mpana ulikuwa umeupasua kutoka juu mpaka chini. Vyumba vyote vilifungwa kwa makufuli yenye kutu. Kimoja tu kilikuwa wazi, na mbele yake mama wa makamo alikuwa amejifunga khanga nyeusi, anapukuchua maharage.

"Hodi hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Habari za safari?"

"Nzuri. Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Habari za nyumba?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu."

Atupele alivuta kigoda, akaketi. Akachota gao la maharage, akaanza kupukuchua naye. Alikuwa amechoka mno hata hakuweza kuuliza swali jingine. Mikono yao ikaenda pamoja.

"Ila baba ametutoka," alisema yule mama.

Jina lake Leokadia Sikazwe. Mumewe, Desideri, alikuwa akipika chai asubuhi ukuta wa jikoni ulipomwangukia. Tangu mitambo ianze kuvuta gesi, ardhi ya mtaa mzima ilikuwa inatitia kidogo kidogo. Mwenye nyumba wa wakati huo, mtu wa Iringa ambaye hawakupata kumwona sura, alituma roboti waashi kesho yake, wakajenga ukuta mwingine na kuondoka. Kisima nacho kikakauka. Wapangaji wakahama mmoja mmoja. Yeye hakuhama kwa sababu kaburi la mumewe liko hapo kanisani, na kwa sababu hana pa kwenda wala cha kulipa.

"Na ile mashine ya kuuliza?"

"Ilikuja siku ya tatu ya msiba. Ua umejaa watu, tumelala hapo hapo. Ikapiga hodi vizuri, ikanishika mkono. Habari za hapa? Nikasema nzuri. Ningesema nini, mwanangu? Mtu anaanza kwa nzuri. Nilikuwa ndiyo namwambia, ikanitakia siku njema."

Atupele aliacha maharage. Aliikumbuka ile picha, watu wote wale kwenye mikeka, na jinsi alivyocheka. Aliona haya.

"Mama," alisema, "mimi ndiye mwenye nyumba."

Leokadia alimtazama juu mpaka chini. "Wewe? Basi pole," alisema.

"Hodi!"

Mguumbali ulikuwa umesimama kwenye njia ya kuingilia ua, umeinamisha kichwa kwa heshima. Ulimwamkia Leokadia, ukamwuliza habari za maji na za majirani, na Leokadia akaujibu nzuri, nzuri, kwa sababu mgeni ni mgeni. Kisha ukamgeukia Atupele.

"Dada, habari za nyumba?"

Aliuona ufa. Akaliona shamba la Tukuyu, na mama yake ameinama kati ya michai na kikapu mgongoni. Akamwona pia mwalimu asiyemjua, Musoma huko, anasubiri kucheka kwa furaha.

"Nzuri," ulisema mdomo wake, maana ndivyo ulivyozoea. "Ila..."

"Asante sana. Mnunuzi anakusalimu. Siku njema."

Ukageuka. Angeuacha uende zake. Nani angemlaumu? Alikuwa ameanza kusema, na shamba lingepona. Mguumbali ulikwisha kufika barabarani Atupele alipoinuka mbio, akaudaka mkono wa chuma.

"Ngoja! Sijamaliza, mshenzi we! Kila siku mnatukata maneno mdomoni! Andika: kisima kimekauka. Andika: ardhi inatitia. Andika: ukuta ule umeua mtu, na huu mwingine utaua tena. Habari za nyumba ni mbaya!"

"Samahani, sijaelewa jibu. Habari za nyumba?"

"Mbaya!"

"Samahani, sijaelewa..."

"Mbaya," ilisema sauti ya pili. Leokadia alikuwa amekuja mpaka barabarani, maganda ya maharage yamemganda kwenye khanga. "Mbaya sana, mwanangu. Mume wangu amekufa."

Mguumbali ulisimama tuli, macho yake yakizima na kuwaka. Sidhani kama uliwahi kufundishwa la kufanya.

"Jibu limepokelewa," ulisema hatimaye, ukaondoka bila kuaga.

Simu ya Atupele ikatetemeka kabla hajarudi uani. Alama za nyumba: kumi na mbili. Mnunuzi amejitoa. Taratibu za kuchukua dhamana zimeanza. Alisoma, akasoma tena, akataka kuitupa kisimani, kisha akakumbuka kwamba hata maji hayamo. Ikaita mkononi. Alikuwa mama yake.

"Atu! Nimepata ujumbe wako kwamba umefika huko. Habari za nyumba, mwanangu?"

"Nzuri, mama."

Mama hakusema asante, wala hakumtakia siku njema. Alinyamaza upande wa pili, na Atupele akawa anasikia kuku wa Tukuyu wakilia nyuma yake.

"Ila?" aliuliza mama.

Atupele akakaa kwenye kigoda cha Leokadia, akaanza kumweleza.