Hasira za Zawena Kijijini kwa Emiliana

Zawena alikuwa na miaka sita. Katika wakimbiaji wote duniani, alimpenda mmoja tu.

Mkimbiaji huyo aliitwa Emiliana Gwandu. Alikuwa mrefu na mwembamba. Akikimbia, miguu yake ilisema tap, tap, tap, tap, wala haikuchoka.

Likizo ilipofika, Shangazi Mwantumu alimwambia Zawena afungashe nguo za baridi. Walikuwa wanakwenda Gidamasi, kijiji alichozaliwa Emiliana.

Emiliana mwenyewe hatakuwepo, shangazi alieleza. Amekwenda nchi ya mbali kushindana. Lakini wataiona nyumba yao, na njia alizokimbia akiwa mdogo.

Basi likapanda milima. Vuuu, vuuu, vuuu. Hata mchana ulipofika, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba.

Zawena akashuka mbio. Akatafuta picha kubwa ya Emiliana. Akatafuta bango lenye jina lake.

Hakuna picha. Hakuna bango. Kulikuwa na duka, kanisa na mbuzi watatu.

Zawena akakunja uso. Hasira ikaanza kutokota moyoni: togo, togo, togo.

Wakamkuta Bibi Paskalina anachanja kuni. Zawena akamwamkia. Shangazi akauliza njia ya kwenda kwa kina Emiliana.

Bibi akaweka shoka chini. Akauliza kama ni yule Emiliana aliyevunja chungu chake. Alishuka kilima mbio, hakutazama mbele, akakigonga. Kwaa! Chungu kizuri kabisa, bibi alisema, na mpaka leo hajakisahau.

Hakusema kwamba Emiliana ana mbio. Alisema habari za chungu tu.

Zawena akakunja uso. Hasira ikatokota moyoni: togo, togo, togo.

Mbele kidogo, Mzee Tluway alikuwa anapalilia maharage. Shangazi akamuuliza kama anamfahamu Emiliana.

Mzee akacheka kidogo. Kumfahamu? Kila asubuhi alipita katikati ya shamba hili akiwahi shule. Aliambiwa afuate barabara. Hakusikia. Maharage yalilala chini kama mkeka.

Hakusema kwamba Emiliana ana medali. Alisema habari za maharage tu.

Zawena akakunja uso. Akakunja na ngumi. Hasira ikatokota moyoni: togo, togo, togo.

Nyumba ya kina Emiliana ilikuwa ndogo, yenye mlango wa bluu. Mama Emiliana aliwapokea vizuri. Akawapa chai ya maziwa yenye tangawizi.

Kisha akaanza kusema juu ya binti yake. Huyo mtoto hapigi simu. Huyo mtoto hali chakula vizuri. Tangu zamani hafungi kamba za viatu zikakaza, ukimwambia anakimbia.

Sasa Zawena hakuweza tena kunyamaza. Akasimama. Chai ikamwagika, chwaa.

"Nyinyi hamumpendi Emiliana," akasema. "Hamjaweka hata picha yake. Yeye anawashinda watu wote, na nyinyi mnamsema vibaya."

Shangazi Mwantumu akaona aibu, akaomba radhi.

Mama Emiliana hakukasirika. Alimtazama Zawena kwa muda mrefu. Kisha akachukua shuka lake na kujifunika mabegani.

"Saa tisa inakaribia, mwanangu," akasema. "Twende dukani."

Zawena alitembea nyuma yao, akipiga mawe teke. Hakutaka kwenda dukani. Hakutaka peremende. Hakutaka kitu chochote cha Gidamasi.

Lakini dukani hakuna aliyekuwa ananunua. Dukani palikuwa na televisheni, juu ya rafu, kati ya sabuni na sukari.

Na mbele ya televisheni kilikuwepo kijiji kizima.

Mzee Tluway alikuwepo, na tope la shambani miguuni. Bibi Paskalina alikuwa amekaa mbele kabisa, juu ya kigoda.

Kwenye televisheni alionekana Emiliana. Alikuwa anasubiri mbio zianze. Watu wa dukani wakaacha hata kukohoa.

Paa! Wakimbiaji wakaondoka.

Tap, tap, tap, tap. Mzunguko wa kwanza. Tap, tap, tap, tap. Mzunguko wa pili. Mizunguko ilikuwa ishirini na mitano.

Mzee Tluway alinong'ona kama vile Emiliana alikuwa pale pale mbele yake. "Taratibu, mwanangu. Bado mapema. Taratibu."

Zawena akamsikia. Akamtazama. Akashangaa.

Mzunguko wa ishirini, Emiliana akawa wa pili. Mzunguko wa ishirini na moja, akawa wa kwanza.

Ndipo mkimbiaji wa nyuma akamkanyaga kisigino. Kiatu kikachomoka. Emiliana akayumba, akakaribia kuanguka.

Duka zima likasimama. Bibi Paskalina akapanda juu ya kigoda.

"Mwacheni!" akapaza sauti. "Mwacheni mtoto wetu!"

Emiliana hakuanguka, wala hakurudi kuchukua kiatu. Alikimbia na kiatu kimoja. Tap, pu. Tap, pu. Tap, pu.

Mmoja akampita. Wa pili akampita. Wa tatu naye akampita. Emiliana akamaliza wa nne.

Wa kwanza alipata medali. Wa pili na wa tatu walipata pia. Wa nne hapati kitu.

Zawena akakunja uso. Akakunja ngumi. Hasira ikatokota moyoni: togo, togo, togo.

Akageuka kuwatazama watu. Mzee Tluway alikuwa amevua kofia na kuibwaga chini. Mwenye duka alikuwa anasema mbio zirudiwe, tena leo hii. Bibi Paskalina alikuwa ameketi tena, analia ndani ya shuka lake. Mguu wa mtoto umechubuka, alisema, na huko aliko nani atampaka mafuta?

Nyuso zote zilikuwa zimekunjwa. Hasira ya kijiji kizima ilikuwa inatokota: togo, togo, togo.

Zawena alikwenda polepole, akapanda mapajani kwa Bibi Paskalina. Bibi akamkumbatia, bila kuuliza kwa nini.

Wakakaa hivyo. Wamekasirika wote wawili.

Baadaye simu ya Mama Emiliana ikalia. Tiri-tiri-tiri.

Alikuwa Emiliana. Mama yake alimuuliza kwanza kama amekula. Akamuuliza mguu unaendeleaje. Akamgombeza kwa ajili ya kamba za viatu, na huku machozi yanamtiririka.

Halafu akamwambia kuna mgeni mdogo amekuja kutoka Singida, naye amekasirika kuliko watu wote. Akampa Zawena simu.

Zawena akaishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo," akasema. "Mimi ni Zawena. Nimekasirika."

"Marahaba, Zawena. Nani amekukasirisha?"

"Yule aliyekukanyaga. Na kiatu."

"Hata mimi nimekasirika," Emiliana akasema. "Nimelia pia."

"Basi utaacha kukimbia?"

"Hapana. Leo nitakasirika. Kesho mguu utaoshwa na kufungwa dawa. Ukipona, nitakimbia."

Zawena akafikiri. Akaona ni maneno mazuri. Akamwambia Emiliana kwamba na yeye leo atakasirika, ili Emiliana asikasirike peke yake.

Emiliana akacheka. Alicheka mpaka watu wote dukani wakasikia, na wao wakaanza kucheka.

Nje, ukungu ulikuwa umepanda. Watoto wa Gidamasi walikuwa wameshavua kiatu kimoja kimoja. Walikuwa wanashuka kilima mbio. Tap, pu. Tap, pu. Tap, pu.

Shangazi Mwantumu alisema mawe yatamchoma. Zawena alikuwa ameshavua kiatu cha kushoto.

Akakimbia. Alikimbia kwa hasira yote aliyokuwa nayo, na hasira ikawa inapungua, hatua kwa hatua. Alipofika chini, alikuwa wa nne.

Jioni, miguu yake ilikuwa na tope mpaka magotini. Bibi Paskalina alileta beseni la maji ya moto, akamwosha kidole kimoja kimoja. Alilalamika muda wote. Watoto hawa hawasikii, alisema. Tazama unyayo huu. Tazama kisigino hiki.

Zawena alimsikiliza bibi akimgombeza. Akatabasamu.

Bibi akamkausha miguu, akampaka mafuta, akamfunika blanketi zito. Zawena alikuwa ameshalala.