Utani Mbele ya Mpimaneno

Sajenti Mwinshehe Pazi alikwishavuka geti la ndani. Mbele yake kilitambaa kisindikizi, roboti la magurudumu sita, kimebeba kofia yake, kikombe chake na viatu vyake vya gwaride. Kila baada ya hatua kumi kilisema kwa sauti laini: "Tunakushukuru kwa utumishi wako." Miaka ishirini na sita ya upolisi, leo inatolewa nje na mkokoteni unaosema.

Koplo Nyamizi alimkimbilia.

"Mtani, simama!"

"Kaa huko huko, Mnyamwezi wewe," alijibu Mwinshehe bila kugeuka. "Ukinisogelea na hiyo beji watanifunga kabisa."

Hata hapo alikuwa anatania.

Miaka hiyo kila askari wa Jiji la Ruvuni alivaa kifuani beji sikivu, nyembamba kama ukucha, iliyohifadhi kila neno la kazini. Likija lalamiko la ubaguzi, mashine iliyoitwa Mpimaneno iliyakusanya maneno yote ya kituo kizima, ikayapima ukali, ikatoa adhabu siku ile ile. Hakuna kamati, hakuna rufaa. Watu walishangilia, maana kamati za zamani zilikuwa za kulindana tu.

Aliyelalamika ni Nyamizi mwenyewe. Hakumlalamikia Mwinshehe. Alimlalamikia Mrakibu Fidelis, mkuu wa kituo, aliyemnyima mara tatu nafasi ya kikosi cha anga, na mara zote aliandika kwa wino wa asali: "Dada huyu ni mchapakazi. Tumhurumie, ana watoto." Wanaume wenye watoto saba walikwenda wakarudi na vyeo.

Mpimaneno ilisikiliza miaka minane. Kwa Fidelis ilikuta "dada", "tafadhali", "Mungu akubariki". Kwa Mwinshehe, Mzaramo wa watu, mtani wa Wanyamwezi tangu enzi za misafara, ilikuta "mtumwa wangu", "mpagazi", na "babu yako alishusha pembe pwani akasahau njia ya kurudi kwa uroho wa nazi". Mara elfu moja mia nne na kumi na mbili. Nyamizi naye alikuwa akimjibu kwamba Wazaramo huzaliwa wamelala, lakini kwa kuwa ndiye mlalamikaji, mashine iliandika: anajitetea.

Mwinshehe afukuzwe. Fidelis hana kosa.

Na kinachouma zaidi ni hiki. Siku mashine ilipofungwa kituoni kuanza kazi, iliuliza kama kituo kina mila yoyote ya maneno isiyopaswa kuhesabiwa. Fomu alipewa Mwinshehe aijaze. Akacheka, akaandika: hakuna.

"Utani ukishaandikishwa serikalini unakuwa kazi," alisema. Nyamizi alikuwa pembeni yake, naye akacheka hadi machozi.

Sasa Nyamizi alimwacha Mwinshehe getini, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa kituo.

"Afande, naomba nifute lalamiko."

"Karibu, dada, keti." Fidelis alimmiminia chai. "Ukilifuta linahesabiwa uongo. Utafukuzwa wewe, na yeye harudi. Nawafikiria watoto wako."

"Lakini unajua yule ni mtani wangu."

"Kituo kizima kinajua." Akakoroga sukari taratibu. "Mashine ndiyo haijui, na mimi si fundi, dada yangu."

Beji yake kifuani iliwaka kijani, rangi ya maneno safi. Nyamizi aliitazama, akawakumbuka wanawe watatu na ada ya muhula. Akanywa chai.

Mwinshehe alirudi Kisarawe akalima mihogo. Mwaka wa pili akafa. Kwa desturi, mtani ndiye hulala mlangoni kuzuia jeneza mpaka apewe kuku, akavaa kofia ya marehemu na kuigiza mwendo wake, wafiwa wapate kupumua. Nyamizi alipewa ruhusa ya saa nne tu, na ruhusa fupi hivyo huhesabiwa kazi, beji haivuliwi. Mjane alimkabidhi ile kofia ya polisi.

"Haya, shemeji. Mtukane mwenzio tumzike."

Nyamizi aliishika kofia kwa mikono miwili. Akaitazama beji yake, akasogea kando. Jeneza likapita bila kuzuiwa na mtu.

Fidelis alipanda cheo, sasa anafundisha askari wapya lugha ya staha. Mjane bado analima mihogo ile ile. Nyamizi ni koplo hadi leo, na beji yake haijawahi kuacha kijani. Kisindikizi kilibadilishwa magurudumu, kingali kinawashukuru watu.